Wasomaji Arobaini na Watatu wa Bwana Nyuki

Mume wangu Leodgar akiulizwa alizaliwa wapi, huanza kwa kueleza jinsi nyuki wa Lusu walivyo wadogo na wakali kuliko wa Sikonge. Ukimwuliza tulifunga ndoa mwaka gani, atakujibu ni mwaka ule miti ya mitundu ilipochanua mara mbili. Ndiyo maana habari zake nimeamua kuziandika mimi, Dafrosa, mke wake. Nimekuwa mpiga chapa ofisini miaka ishirini na sita, na ninajua sentensi inapoanzia na inapopaswa kuishia.

Basi alizaliwa Lusu, wilaya ya Nzega, kwa wazazi wakulima wa mpunga na karanga. Akasomea nyuki hapa Tabora, akaajiriwa kuwa bwana nyuki, yaani ofisa wa kuzunguka vijijini kuwafundisha watu ufugaji. Kazi hiyo ilimpeleka porini kwa baiskeli miaka thelathini na mmoja, na kila alichokiona alikiandika kwenye daftari: mti gani umechanua tarehe ngapi, kundi gani limehama na kwa nini, nyegere amebomoa mizinga mingapi na ya nani. Mwisho wa mwaka madaftari yaligeuka ripoti. Mimi niliichapa, yeye akaitia saini, ikapelekwa juu. Huko juu kulikuwa kimya. Hakuna aliyejibu, hakuna aliyeuliza, hakuna hata aliyekosoa, na Leodgar akakichukulia kimya hicho kuwa ni kuridhika.

Mwaka wa pili baada ya kustaafu alinunua karanga za kukaanga pale stendi. Akala nusu, akageuza karatasi zilimofungwa, akakutana na Jedwali la Tatu: Uchanuaji wa Miti ya Asali. Lilikuwa jedwali lake. Mistari niliipiga mimi kwa rula. Alirudi nalo nyumbani, akaliweka mezani, akaanza kulinyoosha kwa kiganja na kupangusa chumvi.

"Dafrosa," alisema, "yawezekana muuza karanga ndiye mtu wa kwanza kuifungua ripoti yangu."

Nilicheka, kwa sababu ilichekesha. Halafu nikaenda jikoni nikalia, kwa sababu iliniuma. Tangu siku ile Leodgar akawa na haja moja tu katika uzee wake: kujua kama kuna mtu, popote pale, anayesoma anachoandika.

Binti yetu Julieth, aliyeolewa Mwanza, ndiye aliyetuletea habari za blogu. Alitufungulia moja ya bure kwenye mtandao wa watu fulani, tukaanza. Nasema tukaanza, lakini Leodgar huchapa kwa kidole kimoja, na kabla ya kukishusha hukizungusha juu ya herufi kama mwewe aliyeona kifaranga. Kazi niliifanya mimi. Kila daftari tulilikata vipande vifupi tukaviita dondoo, kila dondoo na namba yake, mpaka zikafika mia moja na kumi na mbili. Asubuhi moja tukafungua tukakuta tangazo la mistari miwili: huduma imesitishwa, asanteni kwa kuwa nasi. Dondoo zote zilikuwa zimekwenda na wenye mtandao wao.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," nilisema kwa hasira, maana nilijua nani atachapa upya.

"Kosa ni letu," alisema Leodgar. "Mtu hajengi kwenye mzinga wa kupanga."

Nilitaka kumkumbusha kwamba nyuki wake wote wamepanga na kodi wanalipa kwa asali, na kwamba hata sisi wenyewe tunaishi Isevya kwenye nyumba ya kupanga. Lakini alikuwa amekwisha kuvaa kofia kwenda kumtafuta Samweli.

Samweli ni fundi redio karibu na soko kuu, mtu mzima mwenye miwani iliyoungwa kwa waya, ambaye hutengeneza chochote kile mradi kina nyaya ndani. Alituletea kompyuta ndogo, ukubwa wa mkate, akaiweka juu ya kabati langu la vyombo. Akafunga laini ya intaneti, akaweka ruta jikoni karibu na swichi, akatununulia jina: Dondoo za Bwana Nyuki.

"Hii sasa ndiyo nyumba ya blogu," alitueleza. "Haikai kwa mtu, inakaa hapa. Mtu akiwa Kanada akitaka kusoma dondoo zako, mzee, anakuja kubisha hodi hapa hapa juu ya sahani za mama."

Sikupenda habari ya Mkanada kupiga hodi juu ya sahani zangu, lakini Leodgar alikuwa anatabasamu mpaka masikioni. Aliomba mambo mawili. La kwanza, waifai isiwe na neno la siri, kwa sababu maarifa hayafungiwi mlango, ila anayeingia apitie kwanza kwenye dondoo ya siku, kama mgeni anavyoamkia kabla ya kuomba maji. La pili, chini ya ukurasa pawe na hesabu ya wasomaji.

Wiki ya kwanza hesabu ilisoma watatu kwa siku: yeye, mimi na Julieth. Wiki ya pili, tisa. Baada ya mwezi Leodgar alitoka sebuleni na suruali ya kulalia, mikono juu.

"Arobaini na watatu, Dafrosa! Misa ya asubuhi Jumatano haipati watu arobaini na watatu!"

Ikawa hivyo kila siku, arobaini na watatu, arobaini na mmoja, siku nzuri hamsini. Leodgar akaanza kunyoa ndevu kila asubuhi. Hakuna msomaji aliyewahi kuandika maoni hata mara moja, lakini yeye alisema wasomaji wake ni watu wenye staha.

Wakati huo huo kijiwe cha bodaboda kilichokuwa ng'ambo ya barabara kilihamia kwenye ukuta wetu wa mbele, ambao ulikuwa mfupi wa kukalika. Leodgar alikuwa akisogeza pazia na kunionyesha. "Waangalie," alininong'oneza. "Vichwa chini, kimya, utadhani waseminari." Mimi pia niliguswa, nakiri. Mpaka Jumamosi moja alasiri waseminari wote waliporuka kwa pamoja wakipiga kelele, "Gooooli!"

"Dondoo ya leo ni ya malkia mpya kutawazwa," alisema Leodgar kutoka kitini. "Imewagusa."

Nilitoka nje na ufagio. Mwenyekiti wa kijiwe ni Mayala, baba wa watoto wanne, mpole, mwenye koti la mvua analovaa hata kiangazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mayala, mnafanya nini kwenye ukuta wangu?"

"Tunasoma, mama."

"Mnasoma nini?"

Akaitazama simu yake. "Mambo ya nyuki."

"Na hilo goli limefungwa na nyuki gani?"

Akasalimu amri pale pale. Waifai ilikuwa ya bure, alisema, na bando siku hizi halishikiki, na kile kiukurasa cha mzee walikuwa wanakipita tu kwa kidole, hata sekunde haiishi. Ningeweza kuingia jikoni nikazima swichi, na hasira ya kufanya hivyo nilikuwa nayo. Lakini nilimkumbuka mtu aliye ndani, amenyoa ndevu, anahesabu.

"Sikiliza," nilimwambia Mayala. "Intaneti mtaitumia. Lakini dondoo ya siku mtaisoma yote, si kuipita kama mnavyompita trafiki. Kila asubuhi saa moja nitakuja kuuliza maswali. Mmoja akishindwa, nazima kwa wote mpaka kesho yake."

"Kwa wote, mama?"

"Kwa wote. Mtafundishana."

Leodgar alikuwa akiondoka saa kumi na mbili alfajiri kwenda Kipalapala, nje kidogo ya mji, kwenye mizinga yake, kwa hiyo hakuona kitu. Mimi nilitoka na ufagio nikafagia barabara ambayo haikuhitaji kufagiwa, huku nauliza. Nyuki anayehama hubeba nini tumboni? Asali, mama! Ya siku ngapi? Tatu! Mtundu huchanua lini? Kabla ya mvua za kwanza! Siku ya mechi kubwa mmoja wao akasema nyuki dume ana mwiba. Nilizima. Wenzake walimtazama kwa namna ambayo nilimwonea huruma, ila sikuwasha. Nilijua namdanganya mume wangu, na kila jioni aliponisomea hesabu nilijikuta natazama pembeni. Nikajiambia haidhuru, na nikaendelea hivyo mwaka mzima na miezi kadhaa.

Kisha mwenye nyumba akataka nyumba yake ili ampe mwanawe aliyeoa. Hatukuwa na neno, kwa sababu nyumba yetu ya Kipalapala, tuliyoijenga tofali kwa tofali kwa miaka tisa, ilikuwa imepata bati. Vitanda vilihama kwa siku moja. Kilichomkosesha Leodgar usingizi ni ile kompyuta.

"Mzinga," alimwambia Samweli, "unausogeza hatua tatu, au unaupeleka mbali kabisa. Ukiupeleka katikati, nyuki watatoka asubuhi kutafuta chakula, na jioni watarudi pale pale pa zamani. Watazunguka hewani mpaka wafe. Na Kipalapala, Samweli, ni katikati."

"Mzee, jina halibadiliki," alisema Samweli. "Mimi nitalielekeza tu kwenye nyumba mpya. Baada ya siku mbili msomaji atafika bila hata kujua kama mmehama."

"Nyuki nao tungeweza kuwaambia hivyo," alijibu Leodgar, kwa huzuni.

Basi akaihamisha kama mzinga. Alingoja jua lipunguze makali. Alikataa gari, alisema mtikisiko utakata masega. Nilimwuliza kompyuta ina masega gani, akanijibu kwamba babu yake alibeba mzigo kichwani kutoka Tabora hii mpaka Bagamoyo, yeye hawezi kushindwa na kitu cha ukubwa wa mkate mpaka Kipalapala. Nikamwambia babu yake alikuwa na miaka ishirini. Hakusikia, au alijifanya. Aling'oa nyasi, akaziba matundu yote ya kompyuta kama anavyoziba mlango wa mzinga, akaifunga kwenye kitenge changu kizuri, akaitwika. Mimi nilifuata nyuma na ruta kwenye kikapu. Njiani watu walitusalimu kwa heshima kubwa. Mama mmoja aliuliza kipaimara ni cha nani, akidhani tumebeba keki.

Asubuhi akaiwasha. Ikaanza kuvuma, kwanza polepole, halafu kwa nguvu kama mashine ya kusaga.

"Unasikia?" alisema Leodgar, uso unang'aa. "Wanapepea. Nyuki wakifika pageni hupepea mlangoni."

Ikavuma robo saa, ikatoa harufu ya mpira kuungua, ikazima. Samweli alikuja na bajaji, akaifungua, akaanza kuchomoa nyasi kwa koleo ndogo, jani moja moja, akizipanga mezani.

"Mlango wa mzinga hufungwa kwa nyasi wakati wa safari," alieleza Leodgar.

"Na hufunguliwa mkifika," nilisema mimi.

Alikuwa amesahau. Bahati nzuri hakuna kilichoungua cha maana. Samweli akalielekeza jina kwenye nyumba mpya, tukangoja zile siku mbili, na siku ya tatu Leodgar akakaa mbele ya hesabu yake, amenyoa, amevaa shati la Jumapili. Hesabu ilisoma wawili, na sote tulikuwa chumba kile kile. Julieth alikuwa amejifungua, hakuwa na muda wa nyuki.

"Wamerudi pa zamani," alisema Leodgar. Uso wake ulikuwa umeshuka. "Nilisema. Wanazunguka hewani."

Ningemwambia siku ile. Sikuthubutu. Na yeye, kwa kuwa ni bwana nyuki, alijua dawa. Nyuki waliobaki nyuma huwekewa mzinga mtupu pale pa zamani, wakaingia humo jioni, ukawakusanya ukawapeleka kwa wenzao. Akachukua mzinga wa sanduku, mzinga wa kweli wa mbao, akaandika ubavuni kwa rangi nyeupe: DONDOO ZA BWANA NYUKI TUMEHAMIA KIPALAPALA, MTATUPATA KWA JINA LILE LILE. Akaenda kuufunga kwa waya juu ya ukuta wa Isevya. Zuwena, mke wa huyo mwana wa mwenye nyumba, alikuwa mgeni mtaani na hakutaka ugomvi na wazee, akakubali. Kisha kila jioni Leodgar akawa anapanda baiskeli kwenda kukusanya wasomaji wake waliobaki.

Siku ya kwanza hakukuta mtu. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu alirudi akiikokota baiskeli, na haikuwa na pancha.

"Nimemkuta Mayala," alisema. "Amenishika mkono kwa adabu zote. Ameniambia, mzee, tangu uhame tunaangalia mpira kwa kusimuliwa." Akaketi. "Nikamwuliza, na dondoo je? Wakatazamana wote." Akanitazama. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu goli la kwanza."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Alisema, "Zile karanga nilizivumilia, Dafrosa. Zile zilitoka kwa wageni. Hii imetoka nyumbani." Kisha akachomoa waya wa kompyuta, akaifunga kwenye kitenge kile kile, akaisukuma chini ya kitanda pamoja na madaftari. Nilijaribu kumweleza habari ya maswali ya asubuhi, lakini niliona maneno yangu yanazidi kuharibu, maana mtu anayesomwa kwa kutishiwa swichi hana tofauti na asiyesomwa. Nilijiona mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Zikapita siku kumi na moja. Leodgar aliacha kunyoa. Mitundu ilikuwa imeanza kuchanua, majira ambayo kwa kawaida humkuti nyumbani, na yeye alishinda amekaa barazani kwenye kiti cha kamba akiangalia njia. Jirani akipita akimwamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," anaitikia, basi, hana la kuongeza. Mtu ambaye zamani ukimwuliza saa alikupa historia ya nta.

Siku ya kumi na mbili, saa nane mchana, simu yangu ikaita. Alikuwa Zuwena, na alikuwa anapiga kelele.

"Mama Julieth! Lile sanduku lenu limeingiwa na nyuki! Wamekuja kama wingu, wamejaa, wanatoka wanaingia! Njooni mlitoe sasa hivi, nimeshamtuma mtu petroli!"

Leodgar aliisikia sauti ile kutoka barazani. Alisimama. Kundi limehama, mzinga mtupu, ukuta wenye jua la asubuhi: bila shaka, alisema, hata yeye angekuwa nyuki angeingia. Akachukua kofia ya wavu na bomba la moshi, tukapanda bajaji. Njia nzima hakusema neno lingine ila, "Petroli!" mara tatu, kila mara kwa uchungu zaidi.

Tulipofika Isevya hatukuuona ukuta. Pikipiki zilikuwa zimepangwa mbele yake bega kwa bega kama boma, na watu wa kijiwe wamesimama ndani ya boma hilo wametuelekezea migongo. Upande wa pili alikuwa Zuwena, kidumu cha petroli mkononi, kanga kichwani kwa kujikinga. Mayala alikuwa amepanda juu ya kiti cha pikipiki yake, na koti lake la mvua, anahubiri.

"Dada Zuwena, usimwage! Hao ni wahamiaji. Nyuki akihama hujaza kwanza tumbo asali ya siku tatu. Mtu aliyeshiba na asiye na nyumba, atagombania nini?"

Nilimshika Leodgar mkono. Ile sentensi niliichapa mimi. Neno kwa neno, na tulikuwa tumegombana juu yake, kwa sababu mimi nilisema nyuki si mtu.

"Unajuaje?" alipiga kelele Zuwena.

"Imeandikwa!"

"Dondoo ya kumi na saba," alidakia mwenzake mmoja kutoka nyuma ya pikipiki.

"Kumi na saba ni ya nyegere, wewe!" alisema wa tatu. "Wahamiaji ni kumi na tisa."

"Kumi na tisa ni nta! Ndiyo maana ulituzimishia siku ya fainali!"

Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, na Zuwena na petroli yake wakawa wamesahaulika. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amevua kofia ameishika kifuani, na midomo yake ilikuwa inacheza bila kutoa sauti.

"Kumi na nane," alisema hatimaye.

Wakageuka wote. Mayala akashuka kwenye pikipiki kwa aibu, akaja kumwamkia, kisha, kwa kuwa mwalimu amefika na yeye alitaka kuonekana, akarudi moja kwa moja kwenye mzinga. "Angalia, dada," alimwambia Zuwena, "hawana neno kabisa," akasogeza uso mpaka kwenye kitundu cha mlango kumwonyesha. Alipigwa mara tatu: sikio, shavu na mdomo wa juu. Kijiwe kizima kilitawanyika mpaka kona ya barabara ya lami, Zuwena mbele yao, kidumu kikabaki peke yake katikati ya njia.

Leodgar alifanya kazi yake. Alipuliza moshi kidogo, akangoja wote waingie jua lilipopungua, akaziba mlango kwa nyasi. Halafu akautwika mzinga ule wenye maandishi ubavuni na kushika njia ya Kipalapala. Safari hii sikumwambia neno juu ya miaka ya babu yake. Nyumbani aliuweka chini ya mninga, akauzibua palepale huku akinitazama ili nione kwamba hajasahau, akasimamisha tawi la majani mbele ya mlango. Nyuki wakitoka asubuhi wakaligonga, hujua kwamba mambo yamebadilika, wakageuka kuitazama nyumba upya.

Kesho yake alinyoa. Kisha akaingia chumbani, akapiga magoti, akaivuta kompyuta kutoka chini ya kitanda. Aliitazama matundu yote kwa tochi, moja moja, akaichomeka.

"Usiniulize," alisema.

Sikuuliza. Hesabu ilisoma wawili, mimi na yeye. Siku ya pili wawili. Siku ya tatu wawili, na nilianza kuogopa tena, kwa sababu mambo ya Isevya yalikuwa mazuri lakini yalikuwa ya siku moja, na huku Kipalapala hakukuwa na ukuta, wala mpira, wala swichi yangu ya kumtishia mtu.

Jumatatu jioni nilikuwa nachambua mchele aliponiita kwa sauti ambayo sikuijua. Nilikimbia na ungo mkononi. Hesabu ilisoma watatu. Na chini ya dondoo ya kumi na nane, pale pa maoni ambapo tangu tuanze hapajawahi kuandikwa kitu, palikuwa na maneno haya:

"Mzee shikamoo. Umeandika kundi linalohama haliumi. Mimi nimeumwa mara tatu, mara moja mdomoni, na abiria wananicheka, mmoja ameshuka akapanda pikipiki nyingine. Naomba urekebishe hapo. Ni mimi Mayala, kijiwe cha Isevya."

Leodgar aliisoma kimya. Akaisoma tena kwa sauti. Mara ya tatu aliisoma amesimama.

"Ana hoja," alisema. "Dafrosa, ana hoja kabisa! Miaka thelathini na mmoja nimepeleka ripoti juu, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia nimekosea!" Na machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta.

Tukakaa pale pale kurekebisha, yeye anatamka, mimi nachapa: kundi linalohama mara nyingi haliumi, isipokuwa mtu akilisogezea uso. Tulibishana kidogo kuhusu neno uso, yeye alitaka mdomo, nikamwambia tumstahi Mayala. Kisha nikakumbuka jambo, nikamwambia. Waifai yetu haifiki Isevya. Haifiki hata kwa jirani. Mayala aliisoma dondoo ile yote na kuandika malalamiko yake kwa bando lake mwenyewe.